Kura ya Dawa Wakati wa Ebola

Hapa Goma nimekwisha ulizwa mara nyingi: Je, ni haki mgonjwa apewe dawa kwa kura, kama mchezo? Maana ndivyo walivyofanya waganga katika Kivu ya Kaskazini wakati wa Ebola iliyoanza mwaka 2018. Nami hujibu kwa kuanzia mbali kidogo, Kikwit, mwaka 1995.

Mwaka ule Daktari Jean-Jacques Muyembe, yule yule aliyefika Yambuku mwaka 1976 ugonjwa ulipotokea katika hospitali ya misioni, alichukua pamoja na wenzake damu ya watu waliopona, wakawatia wagonjwa 8. Wakapona 7. Ajabu! Lakini wataalamu hawakusadiki kwamba damu ndiyo iliyowaponya. Pengine wale 8 walikuwa na nguvu kuliko wengine, au walikuwa wamekwisha vuka siku za hatari. Nani angejua? Hapakuwa na watu wa kuwalinganisha nao.

Basi, tarehe 20 Novemba 2018 ikaanza kazi iliyoitwa Pamoja Tulinde Maisha, katika vituo vya Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Dawa zilikuwa ZMapp, remdesivir na mAb114, ambayo asili yake ni damu ya mtu aliyepona Kikwit. Kura ilimzuia daktari asiwape wenye nafuu dawa aipendayo mwenyewe. Tena wenye virusi vingi walipigiwa kura mbali na wenye virusi vichache, ili kila dawa ipate sehemu yake ya wagonjwa mahututi.

Lakini utalinganishaje, ikiwa kila mtu ana kipimo chake? mAb114 hutiwa mshipani mara moja, miligramu 50 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 60 hupata 3,000, mtoto wa kilo 10 hupata 500. Kinacholinganishwa si wingi wa dawa chupani, bali kanuni, nayo ni moja kwa wote.

Januari 2019 ikaingia dawa ya nne, REGN-EB3. Hiyo ililinganishwa tu na wagonjwa wa ZMapp waliopokelewa tangu ilipoingia, si wa nyuma, maana ugonjwa na uuguzi hubadilika. Uangalifu huo nausifu sana.

Mwezi wa Agosti, wasimamizi wa hesabu walipotazama wagonjwa 499, wakashauri ZMapp na remdesivir ziondolewe katika kura, zibaki mAb114 na REGN-EB3 tu. Hesabu ya mwisho: kwa ZMapp walikufa 84 katika 169, kwa remdesivir 93 katika 175, kwa mAb114 61 katika 174. Kwa REGN-EB3 walikufa 52 katika 155, na kwa ZMapp ya wakati ule ule 79 katika 154. Lakini wenye virusi vingi, hata kwa dawa hizo mbili bora, zaidi ya 60 katika 100 walikufa. Wenye vichache, kama 10 tu.

Tarehe 13 Agosti 2019, mama na mtoto wake walitoka kituoni hapa Goma wakiwa wazima. Baba alikuwa amekwisha kufa.