Anayefika Kwanza Asifike Mikono Mitupu

Leo nakuomba twende pamoja hadi Nduta, wilayani Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Wengi wetu tulilisikia jina hilo kwa sababu ya kambi ya wakimbizi. Mimi nataka tulitazame kwa swali jingine: penye balaa nani hufika kwanza, na hufika na nini mkononi?

Oktoba 21, 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu. Kabla ya mahema na malori ya mashirika, walikuwapo wanakijiji waliowapokea wageni hao na kugawana nao chakula. Kambi ya Nduta, iliyoanzishwa katika miaka hiyo, ilifungwa mwaka 2008. Oktoba 2015 ikafunguliwa tena, na kufikia mwaka 2017 ilikuwa na watu zaidi ya 100,000. Historia ya nyanda hizo ni historia ya watu wanaoitika kabla ya kuitwa.

Nakumbuka msimu mmoja wa mvua katika mji mdogo wa huko. Upepo uliezua mapaa ya nyumba. Vijana wa kujitolea wakachangishana, wakaenda dukani kununua maturubai. Wakakuta bei imekwisha kupanda. Fedha za maturubai kumi zikatosha sita. Jirani na duka hilo alikuwapo mzabuni aliyekuwa na mkataba na serikali, na bei yake ilikuwa imefungwa kwa mwaka mzima. Lakini vijana wale hawakutajwa katika mkataba. Familia nne zikalala mvuani.

Je, ni jambo geni kumfungulia asiye wa serikali mlango wa ununuzi wa serikali? Hata kidogo. Sheria ya mwaka 1993 iliyounda Bohari ya Dawa haikuziangalia hospitali za serikali peke yake. Hospitali na zahanati zisizo za kibiashara, zikiwamo za mashirika ya dini, zikikubaliwa nazo hununua hapo. Mgonjwa ni yuleyule, na anayenunua kwa wingi hupata nafuu.

Wenzetu wa Marekani nao walipita njia hiyo. Mwaka 1736 Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikundi cha kuzima moto mjini Philadelphia, na kila mwanachama alileta ndoo zake mwenyewe. Mwaka 2004 sheria ya jimbo hilohilo, Pennsylvania, ilivikubalia vikundi vya zimamoto na uokoaji vya kujitolea kununua kupitia mikataba ya jimbo.

Kwetu, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 iliwagusa hata wasio wa serikali, pale walipotumia fedha za umma. Yaani masharti yaliwafikia. Anayechanga kutoka mfukoni mwake kwa ajili ya umma ndiye aliyesahauliwa, nafuu ya bei isimfikie.

Wapo watakaosema: walanguzi watajivika fulana za kujitolea, wanunue kwa bei nafuu, wakauze sokoni. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni daftari. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazo kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Kamati ya wilaya iandikishe vikundi vinavyojulikana. Iweke orodha fupi ya vifaa: maturubai, mablanketi, glavu, dawa ya kutibu maji, tochi. Na iweke kikomo cha idadi. Kikundi kilipe taslimu, halmashauri isibebe deni la mtu. Katika mkataba wa mzabuni liongezwe sharti moja tu: bei hii ni ya halmashauri na ya vikundi vilivyoandikishwa.

Hapo serikali haitoi ruzuku wala haiajiri mtu. Inatoa bei ambayo imekwisha kuipata.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Rafiki huyo tumezoea kumshukuru kwa hotuba baada ya mvua kukatika. Tumshukuru kabla haijanyesha, kwa kulitia jina lake ndani ya mkataba.