Sumu Nyeupe Jikoni

Sumu za kale za kuulia panya na wadudu majumbani zilikuwa, kwa sehemu kubwa, unga mweupe. Iliyojulikana kuliko zote ni arseniki. Haina harufu, ladha yake ni hafifu, na kwa mwanga wa mshumaa haitofautiki na unga wa ngano, sukari iliyosagwa wala chokaa. Katika Uingereza ya karne ya 19 mtu aliweza kuinunua kwa peni chache ili aue panya, nzi au kunguni. Panya na mende hufuata chakula, na sumu huwafuata wao huko huko, ndiyo maana kopo la sumu lilikaa rafu moja na kopo la unga.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya arseniki mwaka 1851. Kilicholisukuma ni hofu ya mauaji ya makusudi. Makosa ya jikoni hayakushughulisha wengi. Muuzaji alitakiwa kuandika jina la mnunuzi kwenye daftari, na arseniki ya rejareja ilipaswa kuchanganywa na masizi au nili kabla ya kuuzwa. Wazo lilikuwa zuri: sumu nyeusi au ya buluu haiwezi kujificha ndani ya uji. Lakini rangi ilitiwa wakati wa kuuza tu. Ghalani sumu iliendelea kukaa nyeupe, na hapo ndipo mwanya ulipokuwa.

Mwanya huo ulionekana Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza, Oktoba 1858. Sukari ilikuwa ghali, na watengeneza peremende waliipunguza kwa kuchanganya unga wa jasi au wa mawe ya chokaa, ambao kwa lugha ya biashara yao uliitwa “daft”. Joseph Neal, mtengeneza peremende, alimtuma mpangaji wake kwa muuza dawa wa Shipley, maili chache kutoka mjini, akaulete. Mwenye duka, Charles Hodgson, alikuwa mgonjwa kitandani. Msaidizi wake, kijana William Goddard, aliambiwa kwamba unga unaotakiwa umo ndani ya pipa, kwenye pembe ya stoo. Alilifungua pipa lisilo lenyewe, akapima ratili 12 za arseniki.

Dalili hazikukosekana. Fundi aliyechanganya peremende hizo alijisikia vibaya akiwa kazini. William Hardaker, aliyeziuza sokoni, aliona rangi yake si ya kawaida, ila badala ya kuzikataa alidai apunguziwe bei, akapunguziwa. Jumamosi jioni, tarehe 30, aliuza kiasi cha ratili 5 kwenye meza yake. Watu wa kwanza walipofariki, watoto, wengi walidhani ni kipindupindu, ugonjwa ambao miji ya wakati ule iliuzoea. Walikufa watu wapatao 20, na wapatao 200 waliugua. Neal, Hodgson na Goddard walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, kisha wakaachiwa, kwa kuwa hakuna sheria iliyowakataza kuweka sumu na kiungo cha peremende katika stoo moja. Msiba huo ulisaidia kuleta sheria ya mwaka 1860 dhidi ya kughushi vyakula, na ile ya mwaka 1868 iliyowaachia wauza dawa waliosajiliwa peke yao kuuza sumu zilizoorodheshwa, kila kifurushi kikiwa na neno “sumu” na jina la muuzaji.

Huko Japani, mwishoni mwa karne hiyo, dawa ya wadudu ilifananishwa na kitu cha nyumbani kwa makusudi, na kwa faida. Mwaka 1890 Ueyama Eiichirō alitengeneza vijiti vya kufukuzia mbu kwa unga wa maua ya pareto, kwa umbo la vijiti vya ubani wa Kijapani. Shida ilikuwa kwamba kijiti kilikwisha kabla usiku haujaingia vizuri. Mkewe, Yuki, akapendekeza mwaka 1895 kukizungusha kama nyoka aliyejikunja; miaka saba baadaye dawa ya mbu ya mviringo ikaanza kuuzwa. Wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki, waliozoea kufukiza udi na ubani, hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuitumia, na pareto yenyewe ikawa zao la nyanda za juu za Kenya na Tanganyika. Moshi wake si wa kuvutwa usiku kucha katika chumba kilichofungwa, lakini angalau hakuna anayeudhania kuwa chakula.

Unga mweupe ulirudi kwa kishindo huko Oregon, Marekani, mwaka 1942. Wakati huo dawa ya mende iliyotumika sana ilikuwa sodiamu floridi. Tarehe 18 Novemba mwaka huo, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya jimbo hilo mjini Salem, msaidizi wa mpishi alihitaji maziwa ya unga kwa mayai ya kuvuruga. Mgonjwa aliyeaminiwa kusaidia jikoni alitumwa stoo chini ya jengo, akapewa funguo. Alifungua chumba kingine, akarudi na unga wa dawa ya mende. Baadhi ya walaji walilalamika kwamba mayai yana chumvi, wengine kwamba yana ladha ya sabuni. Muuguzi mmoja aliyaonja akawazuia wagonjwa wa wodi yake wasile. Katika wodi nyingine watu walianza kutapika damu na kuishiwa nguvu mara baada ya chakula. Floridi hukamata kalisi iliyomo ndani ya damu, na moyo hauwezi kupiga sawasawa bila kalisi. Waliougua walikuwa 263, waliokufa, 47. Kwa muda mashaka yaliangukia mayai yenyewe, kwa kuwa yalitoka kwenye akiba ya serikali na vita vilikuwa vimepamba moto.

Mwaka 1947 Marekani ilipata sheria mpya ya viuatilifu, na ndani yake mlikuwa na agizo ambalo watu wa Bradford wangelielewa bila kufafanuliwa: sodiamu floridi, pamoja na sumu kadhaa za jamii ya arseniki, zitiwe rangi. Mwaka huohuo magazeti ya akina mama nchini humo yalitangaza karatasi za kubandika ukutani katika vyumba vya watoto, zilizolowekwa dawa ya wadudu ya DDT na kupambwa kwa wahusika wa Disney, huku wazazi wakihakikishiwa kwamba hazina madhara. Sumu iliogopwa ikiwa ungaunga, lakini ilikaribishwa chumbani ikiwa pambo.

Sheria za rangi hazikusafiri pamoja na sumu. Oktoba 1999, katika kijiji cha Tauccamarca, milimani Peru, parathioni, unga mweupe uliokusudiwa wadudu wa mashambani, ulichanganyika na maziwa ya unga ya watoto wa shule. Watoto 24 walikufa.

Naftalini ina mkasa wa polepole zaidi. Vidonge hivi vyeupe vya mviringo, vinavyotokana na lami ya makaa ya mawe, huwekwa sandukuni kuzuia nondo wasile nguo, na mtoto mdogo huviona kuwa peremende. Ila mtoto hahitaji hata kukimeza kidonge ili adhurike. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana zaidi katika jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, zikiwemo za Afrika Mashariki. Naftalini huvunja chembe nyekundu za damu zao. Kitoto kichanga chenye upungufu huo, kikifunikwa kwa kanga au blanketi iliyotolewa moja kwa moja sandukuni, kinaweza kupata manjano kali inayofika ubongoni. Umoja wa Ulaya uliiondoa naftalini sokoni mwaka 2008.

Kisha kuna chaki ya mende. Ilitoka China, ikaenea mikononi mwa wachuuzi wa barabarani kuanzia Marekani hadi Dar es Salaam na Nairobi. Kisanduku huwa na vijiti viwili vyeupe, kwa urefu na unene kama vya ubaoni. Mnunuzi huchora mstari chini ya sinki au nyuma ya kabati. Mende akiupita, unga hushika miguu na vipapasio vyake, naye huumeza anapojisafisha. Dawa iliyomo mara nyingi ni deltamethrini, iliyoundwa mwaka 1974 na Michael Elliott na wenzake Rothamsted, Uingereza, kwa kuiga kemikali ya ua la pareto. Hii ndiyo iliyotiwa pia kwenye baadhi ya vyandarua vya kuzuia malaria. Huacha wazi milango ya sodiamu katika neva, mdudu akatetemeka mpaka afe. Mwili wa binadamu huivunja haraka zaidi, na kwenye ngozi kwa kawaida huleta mwasho au ganzi.

Kwa hiyo tatizo la chaki hii ni umbo kuliko dawa. Chandarua hakilambwi. Chaki hushikwa kwa vidole, na vidole vya mtoto huishia mdomoni. Mwanafunzi wa darasa la kwanza anajua jambo moja tu kuhusu chaki, nalo ni kuchora. Mama mjamzito anayetafuna vijiti vya udongo wa pemba atakiona kijiti kingine cha aina ile ile. Mamlaka ya mazingira ya Marekani iliipiga marufuku, ikitaja hasa kufanana kwake na chaki ya shule na peremende, na ikaonya kwamba baadhi ya visanduku viliandikwa kuwa havina madhara kwa binadamu na wanyama. Lugha yenyewe haimsaidii mnunuzi wa Kiswahili: neno “dawa” lililo kwenye chupa ya kikohozi ndilo linalotajwa kwa mende, panya na kunguni. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1982 inataka kila kiuatilifu kisajiliwe na kiwe na lebo inayotaja kilichomo. Chaki ya mchuuzi huuzwa kijiti kimoja kimoja, nje ya kisanduku, na mstari uliochorwa hauna lebo. Unga wake, mbali na jua, hubaki kwenye nyufa za sakafu kwa majuma mengi baada ya weupe wake kufutika.