MAJI YALIFIKAJE JUU YA KILIMA CHA ALHAMBRA?



Ndugu zangu, leo twende Andalus, mji wa Granada. Mwaka 1238 Sultani Muhammad ibn al-Ahmar alianza kujenga ngome juu ya kilima cha Sabika. Juu pakavu, mto Darro unapita chini bondeni, na pampu za umeme hazipo. Alifanyaje?

Mafundi waliufuata mto kuelekea unakotoka, kiasi cha kilomita 6, mpaka mahali ambapo mto wenyewe uko juu kuliko ngome. Hapo wakayakinga maji, wakachimba mfereji unaoteremka polepole ubavuni mwa mlima. Maji yakaja yenyewe, yakanywesha bustani za Generalife, kisha yakaingia ngomeni. Waarabu huuita mfereji saqiya. Wahispania mpaka leo wanasema acequia.

Ndani, maji yakawa sehemu ya jengo. Katika ua wa Comares kuna bwawa la urefu wa mita 34 hivi. Hewa ya joto ikipita juu yake hupoa kabla ya kuingia vyumbani. Hiyo ndiyo AC yao! Katika Ua wa Simba, wa Sultani Muhammad V, karne ya 14, maji hutoka vinywani mwa simba 12 wa marumaru, na vijifereji vinne vinaunganisha chemchemi na kumbi.

Zingatia: hawakupigana na maji. Waliusoma mteremko kwanza, wakajenga baadaye.

Sisi je? Tunanunua kiwanja bondeni, tunamwaga kifusi, tunaziba mkondo. Mvua ikija, maji yanahamia kwa jirani, nasi tunasema ni kadari. Ndugu yangu, mkondo umeuziba kwa mkono wako. Haki ya jirani utaulizwa.

Na misikiti yetu? Mtume ﷺ alitawadha kwa mudi moja, ujazo wa viganja viwili tu. Sisi bomba linamwaga mpaka mtu amalize mazungumzo! Mnaojenga sasa, kingeni maji ya paa yaingie kwenye tangi, na maji ya udhu yaelekezeni kwenye miti. Hilo halihitaji usultani.

Kuta za Alhambra zimeandikwa mara nyingi kwamba hakuna mshindi ila Allah. Mwaka 1492 ufalme ule ukaondoka. Mfereji ukabaki, na bustani zikaendelea kunywa.

Allah atujaalie kujenga kitakachowafaa watakaokuja baada yetu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako anayejenga.