Bahari Iliyotutangulia

Kwetu Nachingwea bahari huja imekaushwa, ng'onda wa Lindi ndani ya gunia. Ndiyo maana niliposoma habari za Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini mashariki mwa Ruangwa, sikushangazwa sana na mijusi wakubwa. Nilishangazwa na trigonia, jamaa wa chaza wenye magamba mawili. Matabaka yao yamepishana na ya mifupa: miaka milioni 150 hivi iliyopita, pwani ilikuwa pale.

Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba, Boheti bin Amrani akiwasimamia vibarua. Wapagazi waliibeba mifupa kwa miguu hadi bandarini Lindi. Berlin ikamsimamisha mjusi mwaka 1937. Magamba nayo yalipelekwa huko, lakini nani hupiga picha na chaza?

Nilimsimulia bibi. Akauliza, "Sasa mbona iliondoka?"