Namna Damu Inavyozuiwa Katika Upasuaji wa Rovu

Rovu ni uvimbe wa tezi ya thairoidi, iliyokaa mbele ya koo kwa umbo la kipepeo. Tezi yenyewe ni ndogo, lakini hulishwa na mishipa minne ya damu, miwili juu na miwili chini. Katika karne ya 19 madaktari wengi waliogopa kuikata, kwani wagonjwa wengi walikufa kwa kutokwa na damu. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, alifanya kazi polepole, akifunga kila mshipa kabla ya kuukata. Vifo vikashuka chini ya 1 katika kila wagonjwa 100, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kabla ya upasuaji
Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa aspirini, warfarini na dawa za miti shamba. Usiache dawa yoyote bila ya ushauri wake. Mwenye ugonjwa wa Graves huweza kupewa matone ya madini joto siku chache kabla, ili damu ipungue kwenye tezi.

Ndani ya chumba cha upasuaji
- Uzi na klipu: hufunga mishipa mikubwa.
- Umeme: huchoma mishipa midogo. Karibu na neva ya sauti hutumiwa kwa hadhari, maana joto huweza kuidhuru.
- Vifaa vya mawimbi ya sauti: huziba mshipa na kuukata kwa pamoja, na hupunguza muda wa kazi.
- Kitambaa maalumu kinachoyeyuka mwilini: huwekwa palipobaki damu kidogo.

Kabla ya kushona, mtaalamu wa usingizi huongeza shinikizo la hewa kifuani. Mishipa hujaa, na panapovuja huonekana.

Masaa 24 ya mwanzo
Kiasi cha mgonjwa 1 au 2 katika kila 100 huvuja damu baadaye, wengi wao siku hiyo hiyo. Damu ikijikusanya shingoni, koo huvimba kwa ndani na pumzi huziba. Mpira wa kutolea damu hauzuii hatari hiyo.

Jamaa anayekaa na mgonjwa atazame: shingo inayovimba au kukaza, sauti inayobadilika, shida ya kumeza au kupumua. Akiona mojawapo, amwite muuguzi papo hapo. Madaktari huweza kufungua nyuzi pale pale kitandani ili kuokoa pumzi, msishtuke.

Ikitokea nyumbani Al Wakrah, piga 999. Hospitali ya Al Wakra, iliyofunguliwa mwaka 2012, ina idara ya dharura usiku na mchana.