HMS Centaur na Asubuhi ya Colito

Katika historia ya Jeshi la Majini la Uingereza, HMS Centaur haipewi kurasa nyingi. Kwetu Watanzania ni tofauti. Manowari hii ya kubebea ndege ndiyo iliyowaleta makomando walioyazima maasi ya Januari 1964, na jeshi tulilo nalo leo lilizaliwa kutokana na wiki ile.

Ilianza kuundwa mwaka 1944 kwenye karakana za Harland and Wolff, Belfast. Vita vya Pili vya Dunia vikaisha kabla haijakamilika. Ilishushwa majini Aprili 1947 na kuingia kazini mwaka 1953. Baadaye iliwekewa sitaha ya mshazari, ubunifu mpya wakati huo: rubani aliyekosa kunasa waya za kusimamishia ndege aliweza kupaa tena bila kuzivaa ndege zilizoegeshwa mbele. Lakini ndege za jeti zilizidi kuwa kubwa na nzito, na meli ya takriban mita 225 ikaanza kuwa finyu kwa Scimitar na Sea Vixen. Meli dada zake, Albion na Bulwark, ziligeuzwa kuwa za makomando na helikopta. Centaur ikabaki na ndege zake, ingawa kazi inayotuhusu sisi ilifanywa na helikopta.

Tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mishahara bora na maofisa wa Kiingereza waondoke. Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi, aliwafuata kuzungumza nao, lakini maasi yakaenea hadi Tabora. Huko Aden, Centaur ikapakia haraka Kikosi cha 45 cha makomando wa majini, magari ya deraya na helikopta, ikashika njia ya kusini. Rais wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere, alisita kabla ya kuomba msaada, na ni haki yake kusita: uhuru ulikuwa na miaka miwili tu, na sasa ilimbidi kuwaita walewale waliokuwa watawala.

Alfajiri ya tarehe 25 helikopta ziliruka kutoka sitahani hadi jirani na kambi. Manowari Cambrian ilifyatua mizinga kuwababaisha waasi, huku Brigedia Sholto Douglas, kamanda wao waliyemkataa, akiwataka kwa kipaza sauti wasalimu amri. Nyumba ya walinzi ilipigwa roketi. Askari kadhaa walikufa, vijana wa nchi hii, nao wanastahili kukumbukwa kila kisa hiki kinaposimuliwa. Kambi ilitwaliwa upesi.

Nyerere hakuificha aibu ya kulazimika kuita Waingereza. Februari aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakutane Dar es Salaam, na wanajeshi wa Nigeria wakachukua nafasi ya makomando. Jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni likavunjwa. Vijana wa chama tawala, TANU, wakaandikishwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Colito sasa ni Lugalo. Centaur iliondolewa kazini mwaka uliofuata na kukatwakatwa kuwa vyuma chakavu huko Cairnryan, Scotland, mwaka 1972.