Zamu ya Usiku: Mbuzi Wetu Kati ya Mbuga Mbili

Harambee ya mwaka huu ni ya mazizi ya mbuzi. Wengine wameuliza kwa nini zizi, wala si darasa au zahanati. Jibu limo katika historia yetu.

Wazee wetu waliishi na wanyamapori bila ukuta kati yao. Mchana watoto walichunga mbuzi nyikani. Jioni mbuzi waliingizwa katika zizi la matawi ya miiba karibu na nyumba, na mbwa wakalala nje. Aliyesikia fisi alipiga kelele, na majirani wakatoka. Miiba peke yake haikutosha. Kilichowalinda mbuzi ni watu wengi waliolala karibu.

Mwaka 1915 maisha hayo yalikatizwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walifika Kasigau kutoka ng'ambo ya mpaka, nchi ambayo leo ni Tanzania. Serikali ya Waingereza ikawatuhumu watu wetu kwamba waliwasaidia. Vijiji vilichomwa, watu wakahamishwa hadi Malindi, na wengi wakafia huko. Waliosalia walirudi mlimani mwaka 1936. Aliyezaliwa uhamishoni alirudi akiwa mtu mzima ambaye hajawahi kuchunga mbuzi chini ya mlima huu. Ilibidi mazizi yaanzishwe upya.

Miaka 12 baadaye, 1948, Tsavo ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa, kisha ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Mbuga hizo mbili zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000, nazo zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti yetu ya Taita Taveta. Kasigau ilibaki katikati, pamoja na ranchi zinazotuzunguka. Ndovu na simba wanaotoka mbuga moja kwenda nyingine hupita kwetu. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Tangu hapo simba ni wa serikali, lakini mbuzi anayeliwa ni wa mama wa Bungule au wa Rukanga.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaruhusu fidia kwa mifugo walioliwa, na madai hupitia kamati ya kaunti. Lakini dai linahitaji ushahidi, na fisi huacha kidogo sana. Tena, fidia ya mbuzi mmoja hailingani na hasara ya nyumbani. Mbuzi jike hubeba mimba kwa takriban miezi 5. Akiliwa, ameondoka na mtoto wa tumboni, maziwa, na karo ya muhula unaokuja. Kwa hesabu yoyote ile, kuzuia ni nafuu kuliko kudai.

Kuna badiliko jingine ambalo ni letu wenyewe. Watoto waliokuwa wachungaji sasa wako shuleni, jambo tunalolishukuru. Vijana wako Voi, Mombasa na Nairobi. Fisi akilia usiku, anayetoka na tochi ni mzee au nyanya. Zizi la miiba bado ni lile lile, ila watu waliolipa nguvu wamepungua.

Ndiyo maana tunataka mazizi yanayoweza kusimama yenyewe. Fisi hupenya chini, kwa hiyo waya utafukiwa ardhini. Chui huruka juu, kwa hiyo zizi litaezekwa kwa waya. Simba huwatia mifugo hofu mpaka wakavunja ua wenyewe, kwa hiyo nguzo na mlango vitakuwa imara. Tutaweka pia taa za kumweta, kama zile alizobuni Richard Turere huko Kitengela akiwa na miaka 11 ili kuwafukuza simba.

Kila boma litakalopata zizi litatoa nguvu kazi ya kulijenga, na litaweka daftari: tarehe, mnyama aliyevamia, mifugo waliopotea, na picha ikiwezekana. Siku ya kudai fidia, daftari hilo litasema.

Sisi tulio mjini hatuwezi kurudi kila usiku kushika zamu. Mchango wako ndio zamu yako. Uwasilishe kwa mweka hazina wa tawi lako, na udai risiti.